Ukimwandikia mbunge wako: barua inafika wapi, na nani analazimika kuijibu

Raia yeyote wa Uganda aliyewahi kutafuta kazi, kufungua akaunti ya benki au kufuatilia kitambulisho cha taifa anaijua barua ya LC, yaani baraza la kijiji. Unakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, anaandika mistari michache kwamba anakufahamu, anagonga muhuri, na kesho yake unapokelewa ofisini kama mtu mwenye kwao. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi ni watu tusioandika. Kinachotushinda ni barua ya aina nyingine: ile ya kumwambia mbunge kwamba kodi fulani inaumiza, kwamba mpango wa dawa haufanyi kazi, kwamba mikopo ya serikali imewaruka walengwa. Hiyo tunaiandika kwa uchungu, tunaituma, tunangoja. Miezi inapita. Mwishowe tunasema wakubwa hawasikii.

Wapo wasiosikia, na sitawatetea. Lakini kati ya barua ambazo nimewasaidia wazee na akina mama wa soko kuziandika huku Arua, nyingi zilikwama kwa sababu zinazoeleweka. Zilikwenda kwa mtu asiye na mamlaka juu ya jambo lenyewe, au zilifika uamuzi ukiwa umeshapita, au ziliandikwa kwa namna ambayo hakuna sheria inayomlazimisha yeyote kuzijibu. Yote matatu yana dawa, na dawa yenyewe imo ndani ya Katiba na sheria zetu.

Haki ya kuandika ipo, wajibu wa kujibu haupo

Tuanze na Katiba ya 1995. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 38 inampa kila raia haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, yeye mwenyewe au kupitia wawakilishi wake, na haki ya kushawishi sera za serikali kwa amani kupitia vyama vya kiraia. Hapo ndipo barua yako inaposimama. Humwombi mbunge fadhila, unatumia haki yako. Hata hivyo, pitia Katiba hiyo ukurasa kwa ukurasa, hutakuta ibara inayosema mbunge akiandikiwa ni lazima ajibu.

Zamani angalau kulikuwa na fimbo. Ibara ya 84 iliwapa wapiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla ya muda wake kwisha, kwa hati yenye sahihi za theluthi mbili ya wapiga kura walioandikishwa katika jimbo. Lilikuwa sharti zito, lakini lilikuwepo. Baada ya kura ya maoni ya Julai 2005 iliyorudisha vyama vingi, na Katiba kurekebishwa mwaka huohuo, haki hiyo ilibaki kwenye karatasi: inatumika tu pale nchi inapokuwa chini ya mfumo wa Movement, ule usio na ushindani wa vyama. Leo mbunge asiyewajibu watu wake hukutana na hukumu yao siku ya kura tu, baada ya miaka mitano.

Ndiyo maana naona kumbukumbu ya maandishi ni jambo kubwa kuliko tunavyoichukulia. Mwaka 2017, mswada wa kuondoa kikomo cha umri wa rais ulipokuwa bungeni, kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 akawasikilize watu wa jimbo lake. Wachache walizirudisha. Mikutano ikafanyika, mingine ya wapinzani ikatawanywa na polisi, na tarehe 20 Desemba mswada ukapita kwa wingi mkubwa wa kura. Mbunge alisema watu wake wametaka hivi, watu wake wakasema hatukusema hivyo, na kwa sehemu kubwa hapakuwa na hati ya kuamua nani mkweli. Mkutano wa hadhara hauachi alama. Barua yenye tarehe, sahihi na muhuri wa kupokelewa huacha.

Mbunge ana uwezo gani hasa?

Barua nyingi wanazopata wabunge wetu hazihusu sera. Ni karo ya mtoto, mchango wa harusi, gari la kusafirisha maiti kutoka hospitali ya Mulago hadi kijijini, mabati ya kanisa au msikiti. Wabunge wenyewe wameikuza tabia hiyo kwa kununua magari ya wagonjwa na kugawa fedha kwenye misiba. Simlaumu mama anayeomba karo, kwa sababu anabisha hodi kwenye mlango pekee anaouona uko wazi. Lakini jambo hili lina gharama. Mbunge aliyezoea kumaliza matatizo kwa pesa ya mfukoni hujiona amemaliza kazi akishatoa, na mpiga kura aliyepokea huona haya kumwuliza alipigaje kura kwenye bajeti.

Kazi ya mbunge kikatiba ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuihoji serikali. Na hata hapo mikono yake imefungwa mahali fulani. Ibara ya 93 inakataza Bunge kushughulikia mswada au hoja ya kuweka kodi mpya, au ya kuongeza mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, isipokuwa iwe imeletwa kwa niaba ya serikali. Kupunguza kodi kunaruhusiwa, kuongeza matumizi hakuruhusiwi. Kwa lugha ya kawaida, mbunge wako hawezi kusimama bungeni akaagiza lami ijengwe kutoka kwenu hadi mjini. Anachoweza ni kumhoji waziri, kuibana wizara wakati makadirio yake yanapojadiliwa, kuleta jambo la dharura mbele ya Spika, kuwasilisha ombi lenu rasmi, au kuandaa mswada binafsi usiogusa hazina. Barua inayosema "tujengee barabara" inampa kazi asiyo na uwezo nayo. Barua inayosema "mwulize Waziri wa Ujenzi kwa nini barabara hii imo kwenye mpango lakini haina fedha" inampa kazi anayoweza kuifanya wiki ijayo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitumii ni kwamba huna mbunge mmoja. Bunge la 11, lililochaguliwa 2021, lilikuwa na wabunge 529 wa kuchaguliwa: 353 wa majimbo, wanawake 146 wa wilaya na miji, 10 wa jeshi, na watano watano wa vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na wazee. Mama mwenye ulemavu anayeuza dagaa sokoni ana mbunge wa jimbo, mbunge mwanamke wa wilaya, na wawakilishi wa watu wenye ulemavu walioingia bungeni kwa ajili yake. Mmoja akinyamaza, nakala iende kwa wengine, na kila mmoja aone kwenye barua kwamba wenzake wameipata. Hakuna mbunge anayependa mwenzake amtangulie kuuliza swali la watu wake.

Dawa zimeisha: umwandikie nani?

Nichukue mfano mmoja niufungue wote, maana ndipo mkanganyiko ulipo. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu, kile cha gombolola (eneo la utawala chini ya wilaya), hakina dawa. Tangu Machi 2001 matibabu ya kawaida katika vituo vya serikali ni bure, lakini muuguzi anakuandikia karatasi ukanunue duka la nje. Kosa ni la nani?

Dawa zenyewe zinanunuliwa na kusambazwa na Bohari ya Taifa ya Dawa, ambayo kila mhudumu wa afya anaiita NMS. Tangu mwaka wa fedha 2009/10, fedha za dawa za vituo vya serikali zinapelekwa moja kwa moja NMS badala ya kupitia wilayani, na dawa huletwa takriban kila baada ya miezi miwili. Kwa hiyo ukiambiwa "wilaya imekula pesa za dawa", uliza tena, kwa sababu pesa hizo hazikupitia huko. Dawa zenyewe zinaweza kuibwa zikishafika, na hilo ni jambo jingine kabisa: ni jinai, linakwenda polisi au kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, yule IGG.

Upande wa wahudumu, mambo yanageuka. Muuguzi anaajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya. Mshahara wake unatoka serikali kuu kupitia wilayani. Anayemsimamia nidhamu ni afisa tawala mkuu wa wilaya, ambaye sote tunamwita CAO. CAO naye hakuajiriwa na wilaya. Aliwekwa na tume ya utumishi wa umma ya taifa, ndiyo maana mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, mliyemchagua anaweza kufoka jukwaani na CAO asitikisike. Kituoni kwenyewe kuna kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, ambayo inapaswa kujua dawa zimefika lini na kiasi gani. Halafu yuko RDC, mwakilishi wa rais wilayani, ambaye kazi yake ni kufuatilia, ingawa hana fungu la dawa hata la shilingi moja.

Sasa tazama barua inayoandikwa mara nyingi: "Mheshimiwa, sisi wananchi wako tunateseka sana, kituo hakina dawa, akina mama wanahangaika, tunaomba utukumbuke kama ulivyoahidi wakati wa kampeni." Kila neno lake ni kweli, lakini halina mahali pa kushika. Mbunge akiipeleka wizarani, wizara itajibu kwamba dawa zinapelekwa kila mzunguko, na mambo yataishia hapo.

Ilinganishe na hii: "Kituo chetu kilipokea dawa mara ya mwisho wiki ya kwanza ya Machi. Dawa ya malaria ya watoto iliisha kabla mwezi haujaisha, na shehena iliyofuata ilikuja Mei. Tumeambatanisha nakala za karatasi sita ambazo wagonjwa waliandikiwa wakanunue nje, pamoja na muhtasari wa kikao cha kamati ya kituo. Tunakuomba mambo mawili. Kwanza, umwulize Waziri wa Afya ni kigezo gani kinachotumika kukadiria dawa za kituo kinachohudumia wenyeji, wakimbizi na watu wanaovuka mpaka kuja kutibiwa. Pili, utuletee nakala ya jibu lake."

Barua ya pili inagusa sera. Huku West Nile jambo hilo ni zito, kwa sababu kambi ya Bidibidi, kule Yumbe, ilifunguliwa 2016 na ndani ya miezi michache ikawa na wakimbizi zaidi ya 200,000, na wanatibiwa bega kwa bega na wenyeji. Makadirio ya dawa yakihesabu wenyeji peke yao, upungufu utarudi kila mzunguko hata kama hakuna mwizi. Swali la kigezo halijibiki kwa "tunashughulikia". Waziri ama anakitaja kigezo, ama anakiri hakipo, na mbunge anakuwa na kitu mkononi wakati bajeti ya NMS inapoletwa kwenye Kamati ya Afya.

Mambo mengine ni mepesi kuyagawa. Jina lako limerukwa kwenye orodha ya PDM, ule mpango wa shilingi milioni 100 kwa kila parokia uliozinduliwa Februari 2022? Anza na ofisa wa parokia na viongozi wa SACCO, kisha CAO. Unataka kanuni yenyewe ya kugawa mikopo ibadilishwe? Hapo ndipo mbunge. Ushuru wa soko huamuliwa na baraza la mji au gombolola, kwa hiyo barua ni ya diwani, na mbunge hapo ni mtazamaji. Barabara za vijijini ni za wilaya. Barabara kuu zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, hadi ilipovunjwa na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Saa ya kuandika

Hapa ndipo nchi nzima hujikwaa. Tarehe 12 Machi 2018 Rais Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha akitaka mitandao ya kijamii itozwe kodi, akitaja olugambo, yaani umbea, unaopigwa humo. Barua moja. Mapendekezo ya kodi yakaingia bungeni, na tarehe 30 Mei wabunge wakapitisha shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao, pamoja na asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Kelele za wananchi zilipamba moto Julai, baada ya kodi kuanza kukatwa tarehe 1. Kati ya Machi na Mei, pale kamati ilipokuwa inasikiliza, tulikuwa wachache mno tuliokuwa tunaandika.

Kelele za Julai hazikuwa bure. Baadaye mwaka huohuo kodi ya pesa za simu ilishushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu, na ile ya mitandao ikafutwa 2021, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Lakini kuitengua sheria iliyokwisha pita kuligharimu maandamano, kesi na miaka.

Kalenda yenyewe haina siri. Imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015. Waraka wa mwelekeo wa bajeti unafikishwa bungeni kabla ya 31 Desemba, na Bunge linatakiwa liwe limeupitisha ifikapo 1 Februari. Makadirio kamili yanaletwa kabla ya 1 Aprili na kupitishwa kabla ya 31 Mei. Hotuba ya bajeti ya Juni, ile tunayoisikiliza redioni kwa makini, inatangaza yaliyokwisha amuliwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hiyo barua ya kutaka sera ibadilike kwa fedha za mwaka ujao iandikwe kati ya Oktoba na Januari, na nyongeza yake ije Aprili kwa kamati husika. Tena ifikapo 31 Desemba Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwa amekabidhi ripoti yake bungeni. Ni hati ya umma. Ukikuta wilaya yenu imetajwa humo, nukuu aya hiyo kwenye barua, kwa sababu mbunge anaweza kubishana na wewe lakini ni vigumu abishane na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Barua zinazodai jibu

Nilisema barua ya kawaida haimfungi mbunge. Zipo tatu zinazofunga, kila moja kwa namna yake.

Ya kwanza ni ombi rasmi kwa Bunge. Linaandikwa kwa Bunge lenyewe, kwa lugha ya heshima, likieleza jambo na kumalizia na kile mnachoomba Bunge lifanye. Linawekwa sahihi au alama ya dole gumba za waombaji, na linawasilishwa ukumbini na mbunge. Likishawasilishwa linapelekwa kwenye kamati, na kamati hutoa ripoti. Tofauti yake na barua ni kwamba linaingia kwenye kumbukumbu za Bunge, Hansard, na halipotei kwenye meza ya msaidizi wa mbunge. Mbunge wenu akikataa kuliwasilisha, mbunge mwingine yeyote anaweza.

Ya pili ni waraka wa maoni kwa kamati. Ibara ya 90 inazipa kamati za Bunge uwezo wa kumwita waziri, ofisa wa umma au mtu binafsi atoe maelezo, na zina nguvu kama za Mahakama Kuu katika kulazimisha shahidi afike. Mswada ukiwa mbele ya kamati, huhitaji kualikwa kwa jina. Mwandikie Karani wa Bunge, S.L.P. 7178, Kampala, utaje mswada na kifungu, useme kinakugusa vipi na ungetaka kisomekeje. Kurasa mbili zinatosha. Nimeona watu wakipeleka kurasa ishirini za historia ya wilaya, na kifungu chenyewe hakitajwi hata mara moja.

Ya tatu naipenda kuliko zote, na ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote: ombi la taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, iliyotokana na Ibara ya 41. Raia yeyote anaweza kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya serikali, na hadaiwi sababu. Ofisi ina siku 21 za kukujulisha kama inakubali au inakataa. Ikikaa kimya, sheria inahesabu kwamba imekataa, na una haki ya kulalamika kwa hakimu mkuu. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa anatakiwa amwandikie. Kuna ada iliyowekwa na kanuni za 2011, na kuna yasiyotolewa, kama nyaraka za Baraza la Mawaziri. Lakini orodha ya dawa zilizopokelewa kituoni, mkataba wa kuchimba kisima, majina ya waliopata mikopo ya parokia, hayo si siri za nchi.

Ndiyo maana napendelea mpangilio huu: ombi la taarifa litangulie, barua ya mbunge ifuate. Mwandikie kwanza CAO, ambaye kwa wilaya ndiye afisa wa taarifa kisheria, umwombe hati za kupokelea dawa za mizunguko mitatu. Akikupa, barua yako kwa mbunge ina ushahidi wa serikali yenyewe. Asipokupa, kukataa kwake ni habari ya kumpelekea mbunge, yenye tarehe.

Kuna pia baraza, lile la Ofisi ya Waziri Mkuu lililoanzishwa 2009, ambapo maofisa wa wilaya wanasimama mbele ya wananchi na kueleza fedha zimetumikaje. Likifanyika kwenu, nenda na barua yako, isome kwa sauti, kisha umkabidhi ofisa mbele ya watu na umwombe agonge muhuri kwenye nakala yako. Muhuri huo wa kupokelewa ni wa kudai kila mahali. Ofisi nyingi zitapokea barua na kukuambia "acha hapo". Usiache hapo. Nakala isiyo na muhuri wala tarehe, kesho utaambiwa hatukuiona.

Lugha, na hofu

Bunge linaendesha shughuli zake kwa Kiingereza, na ombi lililoandikwa kwa lugha nyingine linatakiwa liwe na tafsiri. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini kwa matumizi ambayo Bunge litayaweka kwa sheria, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mpaka sasa mtu wa Koboko, Busia au Mpondwe anayefanya biashara yake yote kwa Kiswahili bado anatafuta mwalimu wa kumtafsiria malalamiko yake. Naona hilo ni dhuluma ya kimyakimya. Katiba ilitambua lugha inayowaunganisha watu wa mipakani, kisha ofisi ikawafungia dirisha. Kwa sasa ushauri wangu ni kuandika kwanza kwa lugha unayoimudu, watu wote wakubaliane na maneno yake, kisha itafsiriwe na hati zote mbili ziambatanishwe. Anayetafsiri asiachiwe kupamba. Mara nyingi tafsiri ndiyo inayoondoa tarehe na idadi na kuweka "mateso makubwa".

Na hofu ipo, tusijidanganye. Watu wameshtakiwa kwa maneno waliyoandika mtandaoni. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile cha mawasiliano ya kuudhi, lakini marekebisho ya 2022 yalikuwa yameshaleta makosa mengine, likiwemo la taarifa zenye nia mbaya. Barua inayotaja ulichokiona, siku na mahali, bila kumtukana mtu wala kumwita mwizi kabla ya mahakama, inakulinda kuliko ujumbe wa hasira kwenye kundi la WhatsApp. Ukiwa na ushahidi wa ufisadi na unahofia kazi yako, ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010. Ukifuata njia yake unalindwa, na fedha zikirejeshwa una asilimia 5 yake.

Jibu likija

Jibu la kawaida lina mistari mitatu: tumepokea, tunashukuru, suala linashughulikiwa. Lichukulie kama risiti. Andika tena baada ya mwezi, ukitaja tarehe na namba ya kumbukumbu ya jibu hilo, na uulize nani analishughulikia na atamaliza lini. Mbunge akikuletea jibu la wizara, tazama nani kaliandika. Jibu lenye sahihi ya katibu mkuu wa wizara lina uzito, kwa sababu yeye ndiye anayewajibika kwa fedha za wizara na ndiye atakayeitwa na kamati ya hesabu.

Jibu bora kuliko yote ni ahadi ya waziri iliyotamkwa ukumbini. Waziri akisema bungeni kwamba dawa zitaongezwa ifikapo robo ya pili, maneno hayo yanaandikwa kwenye Hansard, na Bunge lina kamati maalumu, ya ahadi za serikali, ambayo kazi yake ni kufuatilia kama mawaziri wametimiza walichoahidi. Wananchi wachache sana wanajua kwamba kamati hiyo ipo. Nakili maneno ya waziri na tarehe ya kikao, na muda alioutaja ukipita pasipo kitu, mwandikie karani wa kamati hiyo. Ambatanisha nakala ya barua yenu ya kwanza ikiwa na muhuri wake, na hati ya kituo inayoonyesha dawa zilizoletwa robo hiyo.